Mgeni wa Leukerbad na kisanduku cha kanisani

Insha ya James Baldwin, "Stranger in the Village", husomwa kama insha kuhusu Marekani, na si makosa, maana ndiko inakoishia. Lakini karibu na mwanzo wake kuna aya kuhusu kisanduku cha sadaka, na ni kwa ajili ya aya hiyo nimeirudia insha nzima mara kadhaa mwezi huu. Haizungumzwi sana. Wanaoiandikia insha hii huivuka haraka ili wafike kwenye utumwa, Marekani na yale maneno makubwa ya mwisho. Nataka kubaki hapo kwenye kisanduku kwa muda, kwa sababu pesa zilizotumbukizwa mle zilikuwa zinakuja kwetu.

Kwanza habari zenyewe, kwa ambaye hajaisoma. Mwaka 1951 Baldwin ana miaka 27, amekwishaishi Paris tangu 1948, hana hela, na riwaya yake ya kwanza imemkwama. Rafiki yake Mswisi, Lucien Happersberger, anampeleka Leukerbad, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Valais, ambako familia yake ina nyumba. Ni mahali pa Wakatoliki wanaosema Kijerumani, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, pamezungukwa na kuta za mawe na theluji. Chemchemi za maji moto ndizo pekee zinazowaleta watu wa nje, wengi wao wagonjwa wanaotafuta nafuu. Ilikuwa apite tu: wiki mbili za kiangazi, halafu aondoke. Majira ya baridi akarudi, akiwa na mashine ya kuchapa na santuri mbili za Bessie Smith, mwimbaji ambaye alipokuwa kwao Marekani alikuwa hataki hata kumsikiliza. Kule juu akaimaliza riwaya, *Go Tell It on the Mountain*, iliyotoka 1953. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, insha ikatoka katika jarida la *Harper's*, na 1955 ikawa ya mwisho katika kitabu chake *Notes of a Native Son*.

Sasa, mwanahabari yeyote aliyewahi kutumwa mahali kwa siku mbili tatu anajua ugumu wa kazi ya namna hii. Umefika, umelala hotelini, umeongea na dereva na mhudumu wa baa, umepiga picha mlima. Utaandika nini? Makala nyingi za safari tunazozichapa kwa Kiswahili (nami nimezihariri za kutosha) ni orodha: tulipanda basi, baridi ilikuwa kali, watu ni wakarimu, chakula chao kina jibini nyingi. Baldwin anafanya jambo ambalo ningependa kila anayeanza kuandika safari alione. Mji wenyewe anaumaliza kwa aya mbili hivi. Watu ni kama mia sita, hakuna sinema, hakuna benki, hakuna maktaba, na mashine ya kuchapa ni moja tu, ile yake. Milima anaitaja tu na kupita. Baada ya hapo anaandika juu ya kutazamwa.

Watoto wanamwita "Neger!" barabarani. Watu wanataka kumgusa nywele, wengine wanautia mkono wake vidole kama vile rangi itawabakia. Wanamwambia aziache nywele zikue, ajishonee koti la baridi. Anakubali kwamba hawana ubaya, kwamba ni mshangao na uchangamfu wa watu wasiowahi kumwona mtu kama yeye. Na hapohapo anasema kwamba ndani ya mshangao huo hakuna dalili kwamba yeye ni binadamu. Anakwenda, anarudi, anafahamika kwa jina, na bado ni kioja kilekile cha siku ya kwanza. Ndio, wanajua anatoka Marekani, ila hilo hawaliamini sana. Kwao mtu mweusi anatoka Afrika, basi.

Ndipo kinapokuja kisanduku. Kanisani, anaeleza Baldwin, kuna kisanduku cha sadaka kilichopambwa kwa kisanamu cha mtu mweusi, na wanakijiji hutumbukiza faranga zao humo mwaka mzima. Wakati wa kanivali, kabla ya Kwaresima, watoto wawili hupakwa masizi usoni, huvishwa mawigi ya singa za farasi, na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pesa kwa ajili ya wamisionari wa Afrika. Mke wa mwenye baa mmoja anamwambia kwa fahari kwamba mwaka uliopita kijiji kilifanikiwa "kununua" Waafrika sita au wanane. Baldwin anajitahidi kuonyesha furaha. Mama yule anafurahi kweli, kwa moyo mweupe, kama aliyemletea jamaa habari njema za nduguze. Halafu inakuja sentensi ambayo mimi nimeshindwa kuivuka. Anasema alijaribu kutowafikiria hao ndugu waliobatizwa juzijuzi, wala bei iliyolipwa kwa ajili yao, wala ile watakayoilipa wenyewe. Anamkumbuka baba yake, mhubiri, aliyemwamini Kristo na asiwasamehe weupe waliomletea. Kisha insha inasonga mbele, kuelekea Marekani, na wale sita au wanane hawatajwi tena.

Namwelewa. Alikuwa na kazi nyingine, na aliifanya vizuri kuliko karibu mtu yeyote wa karne yake. Lakini hebu sisi tuwafikirie, kwa kuwa yeye alijaribu asiwafikirie.

Neno "kununua" halikuanzia Leukerbad. Mwaka 1843 askofu Mfaransa, Charles de Forbin-Janson, alianzisha shirika la Utoto Mtakatifu, ambamo watoto wa Ulaya walitoa vijisenti vyao ili watoto wa mbali wakombolewe na kubatizwa. Huku pwani yetu pesa za namna hiyo zilikuwa na kazi yake halisi kabisa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Unguja miaka ya 1860, na mwaka 1868 wakaanzisha misheni Bagamoyo. Walinunua watumwa, hasa watoto, katika soko la Unguja, wakawalea misheni, wakawafundisha kusoma, kulima na ufundi, wakawaoza wao kwa wao na kuwajengea kijiji. Ukienda Bagamoyo leo, ukipita ile njia ya miembe mpaka kwenye makumbusho ya misheni, utaelezwa habari hizo kwa upole, kama habari za ukombozi. Na ukombozi ulikuwepo. Mtoto aliyetolewa sokoni akawekwa darasani ameokoka na jambo baya sana, hilo sitalifanyia mzaha. Ila alitoka mkononi mwa mwenye mali akaingia mkononi mwa mwingine aliyekuwa na daftari la pesa, na jina jipya hakulichagua yeye.

Lakini mwaka 1951 hapakuwa tena na soko. La Unguja lilifungwa 1873, na katika Tanganyika utumwa ulipigwa marufuku kisheria 1922. Faranga za Leukerbad hazingeweza kumnunua mtu. Zililipia kitu kingine: shule, dawa, mshahara wa katekista, mabati ya paa la kanisa. Baldwin anaiweka "kununua" katika alama za kunukuu, na anafanya vema, lakini haulizi swali ambalo ningemtaka aulize: kwa nini wanakijiji walipenda neno hilo kuliko maneno mengine? Wangeweza kusema wamechangia shule. Walisema wamenunua watu, na mama wa baa alikuwa na hesabu yake mkononi, sita au wanane. Mtu huwezi kumwonea fahari bati. Kumbe soko lilikufa huku kwetu, lugha yake ikabaki hai kule milimani, safi, haina damu, inapakwa masizi usoni kila mwaka na kupita nyumba kwa nyumba.

Baldwin hasemi pesa zilikwenda nchi gani. Ila Waswisi Wakatoliki wa wakati ule walikuwa na watu wao huku, na si wachache. Wakapuchini wa Uswisi walikabidhiwa eneo la Dar es Salaam mwaka 1921, na kuanzia 1930 hadi 1968 aliyeliongoza alikuwa Mkapuchini kutoka Uswisi, Edgar Maranta, mzaliwa wa Poschiavo, ambao nao ni mji wa milimani. Masista wa Baldegg walikuwa Ulanga na Ifakara. Kusini, Peramiho, abate na askofu wa Wabenediktini mpaka 1953 alikuwa Gallus Steiger, Mswisi vilevile. Hospitali zao zipo hadi leo, na kuna watu wengi wanaosoma blogu hii ambao mama zao walijifungulia humo.

Ndiyo maana kusini mwa Tanzania na huko Morogoro unaweza kukutana na mzee anayeitwa Gallus, au Meinrad, au Alois, bila yeye wala wewe kushangaa. Gallus ni mtawa wa karne ya saba aliyeupa mji wa St. Gallen jina lake. Meinrad ndiye mtakatifu wa Einsiedeln. Sisemi hawa wazee ndio "walionunuliwa" na Leukerbad. Nasema kwamba katika insha ya Baldwin hawa wamepewa nafasi moja tu, ya kuhesabiwa. Kijiji kinawahesabu kwa fahari, mgeni mweusi anawahesabu kwa uchungu, na hakuna hata mmoja kati ya hao wawili anayedhani kwamba wanaohesabiwa wanaweza nao kuwa na la kusema juu ya biashara hiyo. Wanalo. Kaa na mzee wa namna hiyo kibarazani umuulize habari za misheni, atakuchekesha, atakuonyesha mwandiko wake mzuri aliofundishwa na bruda fulani mkali, atakuimbia kipande cha misa kwa Kilatini, halafu katikati ya kicheko atataja jina aliloitwa na bibi yake kabla ya ubatizo, kwa sauti ya chini kidogo. Baldwin alijaribu kukadiria bei hiyo akiwa mbali.

Hapa ndipo ugomvi wangu na insha hii ulipo, na ni ugomvi na kitu ninachokipenda. Ili hoja yake kuhusu Marekani isimame, Baldwin anahitaji Afrika iwe mahali pa zamani, pasipo na sauti. Kuna sehemu anailinganisha hali yake na ya mzungu wa kwanza kufika kijiji cha Afrika. Wote wawili wanashangaliwa, ila mzungu anauchukua mshangao kama heshima, kwa kuwa amekuja kushinda na kugeuza watu dini, na yeye Baldwin anajikuta mbele ya watu ambao utamaduni wao unamtawala bila wao kumjua. Ni hoja kali na kuhusu mzungu ni ya kweli. Lakini hicho kijiji cha Afrika kinachoshangaa ni kijiji gani? Kwa pwani yetu hakikuwahi kuwepo. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akapokewa kama msafiri mmoja kati ya wengi. Vasco da Gama alipofika Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1498, mtawala wa pale alizitazama zawadi za Wareno akazidharau. Wageni walikuwa wakija na kila pepo za kaskazi, na watu walijua kupima kitambaa. Bara, sawa, patakuwa na vijiji vilivyoshangaa, ingawa hata huko misafara ya wapwani ilitangulia.

Na kuna kitu Baldwin hakuwa na namna ya kukijua: kwamba Mswahili naye alishakwenda kutazamwa na akaandika. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na Mjerumani, Bumiller, mpaka Urusi na Siberia, na habari zake kwa Kiswahili zikachapwa na Carl Velten katika *Safari za Wasuaheli*, 1901. Sitaki kuzipamba. Velten alikuwa mwalimu wa Kiswahili Berlin, dola ya Kijerumani ndiyo iliyohitaji vitabu hivyo, na msafiri mwenyewe alikuwa mtu wa kufuatana na bwana, kwa hiyo mengi hakuyasema. Lakini soma jinsi anavyotazama! Kila mahali anapima: watu wa hapa wanakula nini, wanalala wapi, njia ikoje. Wanamwangalia, naye anawaangalia. Baldwin ana akili ya kuona ndani ya macho yanayomtazama, na hakuna msafiri wetu wa wakati ule anayemkaribia kwa hilo. Ila huyu wa kwetu anao udadisi ambao Baldwin hana. Ukimaliza "Stranger in the Village" hujui watu wa Leukerbad wanapanda nini, wanagombana juu ya nini, wanamwogopa nani zaidi ya shetani. Jina la mji wenyewe halimo.

Mtu aliyemjibu Baldwin kwa sauti ya Kiafrika ni Teju Cole, Mnigeria na Mmarekani. Alipanda basi hadi Leukerbad, akafika tarehe 2 Agosti 2014, siku ambayo Baldwin angetimiza miaka 90, na mwezi huohuo akachapa insha katika *The New Yorker*. Inaitwa "Black Body", na sasa imo katika kitabu chake *Known and Strange Things*. Cole anakuta mji una mahoteli na mabwawa ya kuogelea yenye maji moto, na watu wanamtupia jicho kidogo tu kisha wanaendelea na mambo yao. Wiki moja baada ya yeye kufika, kijana Michael Brown anapigwa risasi na polisi kule Ferguson, na ukimya wa milimani unakuwa ukimya mwingine kabisa. Hilo Cole analiweka vizuri sana.

Anachobisha ni ile sehemu ambapo Baldwin anadai kwamba hata mwanakijiji asiyejua kusoma ana undugu na Dante na Michelangelo, na kwamba kanisa kuu la Chartres linamwambia mwanakijiji kitu lisichoweza kumwambia yeye. Cole anakataa. Bach ni wake, anasema, na sanaa ya Wayoruba ni yake, na haoni sababu ya kurudisha hata kimoja. Nakubaliana naye, na wakati huohuo naona amepata ushindi rahisi. Cole amelelewa Lagos, anavyo vya kuweka mezani mbele ya Chartres. Baldwin wa 1951 alikuwa na santuri mbili na baba aliyekufa na hasira. Lakini kinachonishangaza zaidi ni kwamba hata Cole, mtu wa Lagos, haketi na wale sita au wanane. Naye anaelekea Marekani, kwa sababu nzito, siwezi kumlaumu wiki ile. Basi wamebaki hivyo, mara ya pili.

Nimekuwa nikijaribu kukitafsiri kichwa cha insha hii, kwa faida yangu tu, na nimekwama kwenye neno la kwanza. "Mgeni" ndilo linalokuja, na linaharibu kila kitu. Mgeni wetu ana haki. Anapewa maji ya kunawa, anapewa kiti, siku mbili anakirimiwa na ya tatu anapewa jembe, na jembe lenyewe ni njia ya kumwambia kwamba sasa ni wa hapa. Baldwin kule juu hakupewa jembe. Alipewa tabasamu, akaguswa nywele, akaambiwa habari njema za ndugu zake walionunuliwa, na alivyokwenda na kurudi hakuna siku iliyohesabiwa kuwa ya tatu. Nilijaribu "mtu baki", lakini huyo ni asiye ndugu, naye shida yake ilikuwa hasa kwamba watu walimwona ndugu wa watu wasiowajua. Nilijaribu "mtu wa kuja". Hilo lina dharau ya mtaani inayonipendeza, na pwani mtu anaweza kuitwa hivyo vizazi vitatu baada ya babu yake kushuka jahazini, jambo ambalo tusijifanye hatulijui. Lakini wa kuja amekuja kukaa, na Baldwin alikuwa anapita.

Kwa sasa nimeandika "Mgeni Kijijini" kwa penseli. Kwenye aya ya kisanduku sikupata shida hata kidogo. "Kununua watu" ni maneno tuliyokuwa nayo tayari.